Jina la Askari Aliyekufa Mbali na Kwao

Katika nyumba nyingi za Kenya, tangu Nyanza hata Ukambani na Pwani, hutajwa mzee fulani aliyekwenda vitani asirudi. Jamaa hulijua jina lake, pengine hujua na mwaka alioondoka, na mara nyingi yuko kijana katika ukoo aliyepewa jina hilo. Lakini wakiulizwa mzee huyo amelala wapi, hawana jibu moja. Mmoja atasema Burma, mwingine atasema baharini, na mwingine atasema tu kwamba alifia kwa Wajerumani, maana yake katika Tanganyika ya siku zile. Wengi wao hawajui kwamba mtu huyo, ikiwa alikufa akiwa katika utumishi wa jeshi wakati wa vita viwili vya dunia, anastahili kuandikwa jina lake mahali pa daima, nayo haki hiyo haikufa kwa kupita miaka, wala hailipiwi hata senti moja.

Wenye kazi hiyo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ilianzishwa kwa hati ya Mfalme wa Uingereza tarehe 21 Mei 1917, vita vya kwanza vikiwa bado havijakwisha, nayo iliitwa Tume ya Dola mpaka ilipobadilishwa jina mwaka 1960. Aliyeifikiri kwanza alikuwa Fabian Ware, mkuu wa kikosi cha magari ya Msalaba Mwekundu huko Ufaransa. Aliona maiti wakizikwa kandokando ya njia, na juu yao misalaba ya mbao iliyoanguka mvua zilipokuja, wala hapakuwa na mtu aliyeandika ni nani amelala wapi. Basi yeye na watu wake wakaanza kuandika.

Leo Tume hiyo hutunza makaburi na kumbukumbu za watu yapata 1,700,000 katika nchi zaidi ya 150. Gharama huchangwa na serikali sita, nazo ni Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na India, kila moja kwa kadiri ya wafu wake. Uingereza hutoa zaidi ya robo tatu ya fedha zote.

Sheria zake ni chache na kila mtu aweza kuzishika kichwani. Kila aliyekufa aandikwe jina lake, ama juu ya jiwe la kaburi lake, ama, ikiwa kaburi halikuonekana, juu ya ukuta wa ukumbusho. Jiwe liwe la kudumu. Mawe yote yawe ya namna moja. Wala pasiwe na tofauti kwa ajili ya cheo, au taifa, au dini. Kwa hiyo jiwe la jenerali na jiwe la koplo yana kipimo kimoja, yaani urefu wa futi 2 na inchi 8 juu ya ardhi, na upana wa futi 1 na inchi 3. Huchorwa alama ya kikosi, namba ya askari, cheo, jina, tarehe ya kufa, umri kama ulijulikana, na alama ya dini yake. Chini yake jamaa waliruhusiwa kuongeza maneno yao wenyewe yasiyozidi herufi 66. Baada ya vita vya kwanza walitakiwa kulipa peni 3 na nusu kwa kila herufi. Watu wakanung'unika, na ni haki yao, maana ni jambo gumu mama kuuziwa herufi za kumlilia mwanawe. Baadaye malipo hayo yakawa ya hiari.

Iko sheria nyingine iliyowaudhi Waingereza wengi kuliko hiyo, nayo ni kwamba maiti asirudishwe kwao. Maelfu ya wazazi walitia saini zao katika maombi wakitaka watoto wao waletwe nyumbani, na mwaka 1920 jambo hili lilibishaniwa katika Bunge la London. Tume haikukubali. Ilijibu kwamba mwenye mali angemrudisha mwanawe na maskini angemwacha wake katika nchi ya kigeni, nao walikuwa wamekufa pamoja katika shimo moja. Msomaji wa Afrika, ambaye kwake kumzika mtu mbali na boma la baba yake ni msiba juu ya msiba, ataona uzito wa sheria hiyo. Lakini angalau huyo Mwingereza alijua kwamba mahali palipo kaburi, au palipo ukuta, pana jina.

SHERIA ILIPOVUKA BAHARI

Afrika ya Mashariki ilipigana miaka minne na zaidi katika vita vya kwanza, maana Jenerali von Lettow-Vorbeck hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala katika Zambia. Nchi haikuwa na barabara. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilichukuliwa juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi walioandikwa na majeshi ya Waingereza katika vita hivyo walikadiriwa kufika milioni moja, na katika Kenya mwaka 1917 ulikuwa mwaka wa kukamatwa watu kwa wingi katika wilaya zote, hata mashamba yakabaki na wanawake na watoto.

Mpagazi hakuuawa sana na risasi. Aliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi, baridi ya milimani na njaa, na mara nyingi unga wenyewe ndio uliomwua, kwa sababu ulipikwa haraka na kuliwa mbichi na watu wa nchi za ndizi au za wimbi wasiouzoea. Hesabu za serikali zilifika karibu wafu 95,000, na wataalamu wa historia wanaona kwamba walikuwa wengi zaidi ya hao. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo ulimi wa Kiswahili uliligeuza kuwa Kariakor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam, na leo watu hununua vitunguu na vikapu katika masoko hayo bila kukumbuka kwamba wanataja jina la jeshi.

Je, sheria ya kila mtu na jina lake ilifuatwa kwa watu hawa? Haikufuatwa. Katika Voi na Taveta yako makaburi ya vita vile, yamepangwa vizuri na majani yake hukatwa. Ukitembea humo utasoma majina ya Waingereza na ya watu wa Afrika Kusini waliokufa wakati wa mapigano ya Salaita na mengineyo. Askari wa Keya na wapagazi waliokufa katika nchi ile ile, kwa maelfu, hawamo. Tume na serikali za makoloni zilikubaliana kwamba Waafrika wakumbukwe wote kwa pamoja, kwa masanamu, bila majina.

Masanamu hayo yapo hata leo, naye aliyeyafanya ni James Alexander Stevenson. La Dar es Salaam lilisimamishwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani von Wissmann. La Nairobi lilizinduliwa mwaka 1928 katika njia iliyoitwa Delamere, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, nalo lina watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. La tatu liko Mombasa. Maandishi yake ni ya Kiingereza na ya Kiswahili, na yako pia ya herufi za Kiarabu, nayo yanamwahidi mwenye kuipigania nchi yake kwamba, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Maneno hayo yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyekuwa mshauri wa Tume. Mwanawe mwenyewe, John, alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na Kipling alikufa mwaka 1936 bila kuliona kaburi lake. Lakini jina la kijana yule liliandikwa juu ya ukuta wa ukumbusho huko Loos. Juu ya sanamu la Nairobi, ambalo linasema kwamba majina yatakumbukwa, hakuna jina hata moja.

Sababu iliyotolewa na wakubwa wa siku zile yafaa ijulikane, maana ilirudiwa mara nyingi hata ikafanana na kweli. Walisema kwamba Mwafrika hana desturi ya kaburi, hajui kusoma, na kwa hiyo jiwe halitamfaa. Gavana wa Gold Coast, Gordon Guggisberg, aliiambia Tume hivyo mwaka 1923. Katika Tanganyika afisa wa Tume alipozungumza na Gavana Horace Byatt, aliambiwa kwamba yale makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Mtu akisoma habari hizo polepole ataona kwamba Gavana hakutaka hata kuitazama hesabu ya wafu.

Sababu hiyo ilikuwa na chembe ya kweli iliyotumiwa vibaya. Ni kweli kwamba katika baadhi ya makabila, kama Wakikuyu wa zamani na Wamasai, watu wa kawaida hawakuzikwa kaburini. Maiti aliwekwa porini, na waliozikwa walikuwa wazee wenye heshima. Lakini Mwislamu wa Mombasa au Mnubi wa Kibera alioshwa, akavikwa sanda na kuelekezwa Kibla, na jamaa zake wakalijua kaburi lake. Mluhya alizikwa katika boma lake. Na Mjaluo aliyekufa asionekane, baharini au vitani, hakuachwa hivi hivi. Jamaa zake walichuma tunda la mwegea, lile refu na zito ambalo wao huliita yago, wakalizika mahali ambapo maiti angezikwa, kwa kilio na kwa heshima zote za mazishi. Watu wanaolizika tunda badala ya ndugu yao, ili nyumba isibaki na deni la mazishi, hawawezi kusemwa kwamba hawajui maana ya kaburi. Hakuna aliyewauliza.

VITA VYA PILI

Wakati wa vita vya pili mambo yalikuwa afadhali. Kenya ilitoa karibu watu 100,000, nao walikwenda Uhabeshi, Bukini, Misri na Burma. Safari hii majina ya Waafrika yaliandikwa. Katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1941, kuna zaidi ya makaburi 1,900 ya watu wa mataifa mengi, na ndani yake limesimama jengo la Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki kwa ajili ya wale wasio na kaburi lijulikanalo. Mwenye nafasi Nairobi aweza kwenda kusoma. Mahali penyewe ni pakimya, pana miti na majani mafupi, na mtunzaji wa lango hamkatazi mtu.

Miongoni mwa walioandikwa hapo ni wale wa meli ya Khedive Ismail. Meli hii iliondoka Mombasa mwanzo wa Februari 1944 kwenda Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, na kati yao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki karibu 1,000 wa Kikosi cha 301. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya kuzama ya Wajapani iliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu tu. Manowari za Uingereza zilizokuwa zikisindikiza zililazimika kumwinda adui kwa mabomu ya chini ya maji mahali pale pale ambapo watu walikuwa wakiogelea. Walikufa karibu watu 1,300, na zaidi ya 600 kati yao walikuwa wa kile kikosi cha 301. Kwa wengi wa jamaa zao neno "alikufa baharini" ndilo lote walilopata kuambiwa. Nao watu wa Lamu au Kisumu wanaotumia neno hilo katika hadithi za ukoo wao wangefanya vema kuuliza kama mzee wao hakuwa mmoja wa hao.

Walioanguka Burma wako mbali zaidi. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka katika bonde la Kabaw wakati wa masika ya mwaka 1944, katika matope, ruba na homa, ikapigana mpaka mto Chindwin huko Kalewa. Wasio na kaburi wameandikwa juu ya nguzo za Ukumbusho wa Rangoon, katika makaburi ya Taukkyan, kaskazini ya mji ambao sasa huitwa Yangon. Nguzo hizo zina majina karibu 27,000, nao askari wa Keya wamo pamoja na Wahindi, Waingereza na watu wa Afrika ya Magharibi.

HABARI YA FEDHA

Huulizwa na wengi, tena kwa haki, jina juu ya jiwe litamfaa nini mjukuu asiye na karo ya shule. Historia ya malipo si nzuri. Baada ya vita vya kwanza mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikupata kuwafikia warithi, kwa kuwa makarani hawakuweza kuwatambua, na fedha hizo ziligombaniwa miaka mingi kati ya Nairobi na London bila wenyewe kuziona. Baada ya vita vya pili bakshishi ya kuachishwa jeshi ilipimwa kwa rangi ya mtu. Mzungu wa cheo cha chini aliyekaa katika makoloni alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Hati za jambo hilo zilitangazwa mwaka 2019, nao wazee waliokuwa hai wakasomewa yale ambayo wao walikuwa wakiyajua tangu mwaka 1946.

Wajerumani nao walichelewa, lakini walilipa. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwapa askari wa zamani wa von Lettow mishahara yao iliyobaki tangu vita vya kwanza. Husimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walikuja na kipande cha koti la zamani, na wengine mikono mitupu. Basi karani wa benki akampa kila mmoja ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani aufanyie gwaride la bunduki, wala hapana hata mzee mmoja aliyekosea. Kama hadithi hiyo imetiwa chumvi, basi chumvi yake ni kidogo. Mtu aliyefundishwa gwaride kwa kiboko hasahau.

Kwa askari wa Keya waliobaki, msaada wa siku hizi hutoka katika Shirikisho la Askari wa Zamani wa Jumuiya ya Madola, lililoanzishwa Cape Town mwaka 1921. Msaada huo ni fedha kidogo za chakula kwa askari maskini na wajane wao. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza iliahidi zaidi ya paundi milioni 11 kwa muda wa miaka mitano, kwa wazee na wajane yapata 7,000 katika nchi nyingi, ili wapate milo miwili kwa siku. Mtu aliyesimama Kalewa akiwa na miaka 20, akahesabiwa milo miwili akiwa na miaka 95, hana budi kuona kwamba dola ile ilikuwa na mkono mzito wa kutoa.

Yafaa watu wasichanganye mambo. Tume ya Makaburi haina fedha za kumlipa mrithi, wala haina amri ya kufanya hivyo. Kazi yake ni jina na kaburi tu. Mwenye madai ya mishahara au bakshishi asipeleke huko, maana atarudishiwa barua.

KUOMBWA RADHI

Mwaka 2019 filamu ilionyeshwa katika televisheni ya Uingereza, mbunge David Lammy akitembelea mahali walipozikwa wapagazi katika Kenya na Tanzania, ambapo hapakuwa na jiwe wala ubao. Watu walishtuka, na Tume ikaunda kamati ya kuchungua. Taarifa ilitolewa tarehe 22 Aprili 2021. Ilisema kwamba wafu 45,000 hata 54,000, wengi wao Waasia na Waafrika, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, na kwamba wengine 116,000 kwa uchache, au pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao wa mwisho walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri. Taarifa ilikubali wazi kwamba sababu yake ilikuwa ubaguzi. Siku ile ile Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi katika Bunge.

Kuomba radhi hakuandiki jina. Tangu siku ile kazi imekuwa ya kutafuta daftari za zamani, zile zilizobaki Uingereza na zile zilizobaki Afrika, na kulinganisha namba kwa namba. Katika Afrika Kusini kazi hiyo imekwisha kuonekana kwa macho. Mwezi wa Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa watu weusi zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi na uchukuzi waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wakiwa wamefia huku kwetu Afrika ya Mashariki. Kila mmoja ana mti wake wa mvule uliosimamishwa, na juu yake jina lake.

Katika Kenya, Mfalme Charles alipokuja mwaka 2023 alipelekwa kwenye makaburi ya vita ya Kariokor, akaweka shada la maua, na wazee kadhaa waliopigana vita vya pili wakapewa nishani mpya badala ya zile zilizopotea. Wako waliozitupa wenyewe wakati wa Mau Mau, kwa kuogopa kuonekana watu wa Waingereza. Jambo hilo nalo lafaa likumbukwe na mwenye kushangaa kwa nini katika nyumba nyingi hakuna karatasi wala nishani ya babu.

YAWAPASAYO JAMAA

Si kila askari anayehusika na Tume. Lazima awe amekufa kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921 kwa vita vya kwanza, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947 kwa vita vya pili. Ikiwa alikuwa bado katika utumishi, si lazima awe ameuawa na adui. Aliyekufa kwa homa hospitali, au kwa gari kupinduka, ni sawa na aliyepigwa risasi. Ikiwa alikuwa ameachishwa, ni lazima ithibitike kwamba kifo kilitokana na utumishi wake. Askari aliyerudi salama akafa shambani kwake mwaka 1970 hamo, hata kama alikuwa shujaa. Yeye huzikwa na watu wake.

Askari wa Kenya ya leo hawamo pia, maana wao wana jeshi lao na desturi yake. Afaye katika utumishi hupewa gwaride, bendera na tarumbeta, kisha maiti hupelekwa kwao, jambo ambalo jamaa za wapagazi hawakulipata. Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi, alipokufa kwa helikopta tarehe 18 Aprili 2024, alizikwa Siaya siku tatu baadaye bila jeneza, kwa kuwa ndivyo alivyousia mwenyewe. Heshima zote za kijeshi zilitolewa, na kaburi likawa la udongo wa nyumbani. Katika Afrika Kusini sheria ya mwaka 2011 imekwenda mbele zaidi, ikahesabu msaada wa mazishi kuwa miongoni mwa haki za askari wa zamani.

Jamaa wanaotaka kumtafuta mtu wao waanze na orodha ya Tume, ambayo hutazamwa bure na yeyote. Jina likionekana humo, watajua kikosi chake, tarehe ya kufa, na jiwe au ukuta alioandikwa. Lisipoonekana, watafute hati. Maneno ya ukoo peke yake hayatoshi, ingawa husaidia kuonyesha njia. Barua ya D.C. ya kutangaza kifo, cheti cha malipo ya mjane, kipande, picha yenye alama ya kikosi, na hasa namba ya jeshi, ndivyo vitu vyenye nguvu. Karatasi za wilaya za wakati ule ziko katika Nyumba ya Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi. Mtu yeyote atakayedai fedha ili aandikishe jina la marehemu, akataliwe, kwa sababu kazi hiyo haina malipo.

Tena wajaribu namna nyingi za kuliandika jina. Makarani wa siku zile waliandika walichosikia, na mara nyingi hawakuijua lugha ya aliyesimama mbele yao. Mtu aliyeandikwa mwaka 1917 huenda hakuandikwa jina la baba yake, bali jina la mkuu wa nchi yake na la wilaya. Kwa hiyo wanaomtafuta mpagazi waulize kwanza kwa wazee ni nani aliyekuwa mkuu wa kata yao mwaka ule, na jina hilo nalo waandike katika barua.